Siku hizi nafundisha nimekaa

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili ndio walioanza kuuliza. "Mwalimu, mbona siku hizi unakaa?" Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, mwalimu anayefundisha akiwa kitini huonekana ama mvivu ama mgonjwa. Mimi si mvivu, na ugonjwa wanaoufikiria sina. Nina mimba ya miezi saba, ya pili, na tangu mwezi wa tatu kizunguzungu hakijaniacha kwa wiki nzima.

Naandika kwa sababu karibu kila niliyemweleza alinijibu, "Ni mimba tu." Jirani alisema hivyo, shemeji yangu alisema hivyo, na mhudumu mmoja wa afya alisema hivyo akinitazama usoni bila hata kunishika mkono. Mara nyingi ni kweli. Lakini mimba ina njia nyingi za kumwangusha mwanamke, na kila njia ina namna yake ya kuzuiwa. Anayekwambia "ni mimba tu" halafu akaendelea na shughuli zake amekuacha palepale alipokukuta.

Kwangu kizunguzungu kilianzia kwenye gwaride la Jumatatu asubuhi. Tunaimba wimbo wa taifa, tunaimba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, halafu anakuja mwalimu wa zamu, anakuja mwalimu mkuu, yanakuja matangazo ya michezo na ya karo. Kufikia saa mbili na nusu jua la huku limeshapanda, na sisi walimu tumesimama mbele tukiwaelekea watoto. Nilianza kwa kupiga miayo. Kisha jasho likanitoka mgongoni, jasho la baridi. Masikio yakavuma, sauti ya mwalimu mkuu ikawa inatoka mbali, pembeni mwa macho pakaanza kuingia giza. Nilimshika mkono mwalimu wa baiolojia aliyekuwa kando yangu nikakaa chini kwenye nyasi, mbele ya shule nzima, na sketi yangu ya kazi. Sikuzirai. Naamini ningezirai kama ningengoja hotuba iishe.

Huyo mwalimu wa baiolojia ni mama wa watoto wanne, na wakati wa chai alinieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa na mtu yeyote. Mimba ikiingia, homoni ya projesteroni hulegeza mishipa ya damu, na mishipa ikilegea presha hushuka. Huendelea kuwa chini hadi katikati ya mimba, kisha hupanda tena taratibu mtu akikaribia kujifungua. Wakati huohuo mwili unaongeza damu, hata ikaribie kuzidi ya kawaida kwa nusu, ila maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu. Sasa mtu huyo msimamishe juani bila kusogea. Damu inatuama miguuni, kwa sababu kinachoisukuma irudi juu ni misuli ya mashavu ya miguu, na misuli hiyo haifanyi kazi kwa mtu aliyesimama kama mlingoti. Ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Mtu anaanguka, na akishalala chini damu inarudi kichwani, anazinduka.

Baada ya maelezo hayo nilibadilisha namna ninavyosimama. Nikilazimika kusimama nainuka kwa vidole vya miguu na kushuka, nahamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine, nakunja na kukunjua vidole ndani ya viatu. Hakuna anayeniona. Miayo ikianza naichukua kuwa ni onyo, nakaa palepale. Sisubiri giza.

Kisha nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kiti cha darasani. Tangu mtaala mpya wa 2020 ukifanye Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, sisi tunaolifundisha tuna vipindi vingi na madarasa yamejaa. Kwa hiyo ni kusimama kipindi baada ya kipindi, na chaki mkononi. Mwalimu mkuu alikubali bila maneno mengi. Kiti kilitoka maktaba, na mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri ndiye anayeniandikia ubaoni. Watoto sasa huja mmoja mmoja mezani kwangu kusoma insha zao kwa sauti, na nimewasikia vizuri zaidi muhula huu kuliko wakati wote niliokuwa nikizunguka katikati ya madawati. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi yenye malipo, nami nashukuru. Ila likizo hiyo huja mwishoni, na kizunguzungu huanza mapema. Miezi ya katikati mama anaibeba kwa hisani ya wakubwa wake wa kazi, na nadhani wakubwa wengi wangetoa kiti kama wangejua kwamba kiti kinasaidia.

Jambo lililonipa wasiwasi zaidi ya kazi, hata hivyo, lilikuwa la nyumbani. Nimeolewa Busoga. Huko mkamwana akifika kwa wakwe anapiga magoti kuamkia, na salamu za Kisoga hazina haraka. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za njiani, na kila jibu lina mguno wake, nawe uko chini. Ukimaliza unainuka. Hapo ndipo penye hatari. Magoti yamekunjwa muda mrefu, damu imetulia chini, unasimama mara moja, presha inaporomoka kabla mishipa haijajikaza. Mara ya kwanza tulipokwenda nikiwa na mimba hii nilishika fremu ya mlango ili nisianguke juu ya mkeka.

Mama mkwe aliona. Nilidhani angefikiri nimekosa adabu kwa kuegemea mlango. Alinyamaza, akangoja mume wangu atoke nje, akaniambia nikae juu ya mkeka, miguu nimeikunja upande, niamkie nikiwa nimekaa hivyo mpaka nijifungue. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kuanguka kisimani na mtungi kichwani akiwa na mimba iliyomzaa mume wangu, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kuitwa mlegevu. Kisha akawaambia mawifi zangu wote wawili mbele yangu: huyu anaamkia akiwa amekaa, asiulizwe. Nilitaka kulia. Tunasema sana juu ya wakwe wakali, nami nataka wasomaji wajue kuna mama mkwe mmoja Busoga aliyelainisha desturi yake bila kuombwa, kwa sababu alikumbuka.

Akina dada wanaopiga magoti, wa Busoga, wa Buganda na wa huku mashariki, nawaambia kilichonisaidia siku ambazo mzee mgeni amefika na haiwezekani kueleza. Nainuka kwa hatua. Kwanza goti moja, natulia, navuta pumzi chache, mkono uko kwenye kiti au ukutani, ndipo nasimama. Asubuhi kitandani ni vivyo hivyo: nakaa ukingoni, miguu inaning'inia, nangoja kidogo. Chooni vilevile, maana vyoo vyetu vingi ni vya shimo na mtu anachuchumaa. Mlango wa choo naufunga bila komeo siku hizi, na nyumbani wanajua wabishe hodi. Kuanguka ndani ya choo kilichofungwa kwa ndani ni jambo ambalo sitaki hata kulifikiria.

Na sigiri, jiko letu la mkaa. Msimu wa mvua tunaiingiza jikoni na kufunga dirisha. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humletea mtu kizunguzungu na kichwa kuuma hata kama hana mimba. Mwenye mimba inamdhuru yeye na mtoto. Wakiinuka watu wawili jikoni wakilalamika kichwa kwa pamoja, hiyo si mimba. Fungueni dirisha, mtoe sigiri nje.

Sasa kliniki. Nilimwambia huyo mhudumu wa kwanza kwamba macho yananiingia giza, akaniandikia tarehe ya kurudi. Sikuridhika. Nilikwenda kituo kingine cha afya chenye maabara, na mkunga wa pale, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alinipima presha nikiwa nimelala kisha nikiwa nimesimama. Nikiwa nimesimama ilikuwa 88 kwa 56. Akaniambia presha ya chini kiasi hicho kwa mimba changa si ajabu, lakini hakuishia hapo. Akanifunua kope la chini la jicho, akatazama viganja vyangu, akasema, "Mwalimu, umepauka. Tupime damu." Himoglobini, kipimo kinachoonyesha kama damu inatosha, ilikuwa 9.1.

Mjamzito anatarajiwa awe na 11 au zaidi, au 10.5 katika miezi ya katikati. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: presha iliyoshuka kwa sababu ya mimba, ambayo haina dawa ila kujua namna ya kukaa na kuinuka, na upungufu wa damu, ambao unatibika. Kama ningekubali "ni mimba tu" ningeendelea kujifunza kuinuka polepole huku damu yangu ikipungua kila mwezi. Hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Kizunguzungu cha aina moja hukificha cha aina nyingine. Ombeni kupimwa damu. Ombeni kwa upole, na mkinyimwa ombeni tena.

Alinipima malaria pia, maana Tororo ni nchi ya malaria tangu tuijue, na malaria hula chembe nyekundu kimyakimya hata pale ambapo mama hana homa kali. Sikuwa nayo. Alinipa Fansida, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, nikaimeza mbele yake kama utaratibu ulivyo. Huanza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, na hurudiwa kwenye kliniki kwa kuachana mwezi mmoja au zaidi. Akanipa dawa ya minyoo, kwa kuwa minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Akaniuliza kama nalala ndani ya chandarua. Nalala.

Vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma pamoja na foliki asidi, ni kimoja kwa siku kwa kila mjamzito. Mimi kwa sababu ya upungufu nilizidishiwa dozi kwa muda. Vituo vya serikali huvitoa bure vikiwepo. Wanawake wengi huviacha, na najua kwa nini. Vinachefua, vinafunga choo, na choo kinakuwa cheusi mpaka mtu anashtuka. Weusi huo ni wa madini yaliyobaki tumboni, hauna madhara. Mkunga alinishauri nivimeze usiku kabla ya kulala ili kichefuchefu kinipite usingizini, pamoja na chungwa au juisi ya pasheni, kwa sababu vitamini C husaidia madini kuingia mwilini. Na nisivimeze na chai. Hilo liligusa maisha yangu ya ualimu moja kwa moja. Chai ya saa nne na nusu ndiyo uti wa mgongo wa siku yetu, na mimi nilikuwa naiteremsha na kila mlo. Majani ya chai huyazuia madini ya chuma, ya kidonge na ya chakula pia. Sasa chai nakunywa peke yake, kama saa moja na zaidi mbali na chakula.

Kuhusu chakula kila mtu Uganda ana dawa yake ya damu. Nimeletewa juisi ya bitiruti, nimeletewa majani ya parachichi yaliyochemshwa, nimeambiwa nichanganye nyanya na maziwa. Wanaoleta wananipenda, na bitiruti nimekunywa. Lakini rangi nyekundu haimaanishi kuna madini mengi. Kinachonisaidia ni vya kawaida vilivyo sokoni: maharagwe, dodo, yaani mchicha, iliyopikwa na nyanya, mukene, wale dagaa, waliosagwa ndani ya mchuzi wa karanga, nyama siku ikipatikana, na uji wa ulezi. Na kula kidogo kidogo. Siku nilizokuwa natoka nyumbani bila kula kwa sababu ya kichefuchefu, sukari ilishuka na nikatetemeka kabla ya kipindi cha pili. Mkobani kwangu sasa kuna karanga za kukaanga, ndizi mbivu na chupa ya maji, na wanafunzi wameshazoea kuniona natafuna kati ya vipindi.

Udongo nitausema kwa sababu najua wengi mnautamani. Mimi pia niliutamani. Unauzwa sokoni umekatwa vizuri, na upo pia emumbwa, udongo uliokandwa na mitishamba ambao wanawake wa kwetu hupewa na wakubwa wao. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, na ukiula unazuia madini na unaweza kuleta minyoo, hivyo damu inazidi kupungua na hamu inazidi kupanda. Baada ya wiki kadhaa za vidonge hamu yangu ilipungua yenyewe. Hakuna aliyenikemea. Kama unaula, mwambie mkunga wako, na umwambie kiasi unachokula. Hilo ni jambo la kitabibu, halina aibu yoyote.

Boda ni suala gumu zaidi. Sisi wanawake hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, na anayezirai akiwa amekaa hivyo hana kinachomshika. Mimi nina mwendesha boda mmoja ninayemwamini. Nilimweleza waziwazi kwamba nikimgusa bega mara mbili asimame papo hapo, asiulize. Ameshasimama kwa ajili yangu kando ya barabara ya Malaba, akazima injini, akaninyooshea mwavuli wake. Siku ambazo nimeamka vibaya natembea, au namwomba mume wangu anifuate.

Usiku, tangu mimba ilipopita miezi mitano, nalala ubavu, hasa wa kushoto. Nikilala chali najisikia kuzirai nikiwa nimelala, jambo lililonitisha sana mwanzoni. Tumbo likishakuwa kubwa hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukigeuka ubavu unapata nafuu mara moja. Kwenye kliniki pia, wakikulaza chali kukupima na ukaanza kuhisi giza, sema. Utawekewa kitu chini ya ubavu mmoja, au utageuzwa.

Kipimo changu cha mwisho cha damu kilikuwa 10.6. Bado vidonge naendelea navyo.

Niliwafundisha wanafunzi wangu la kufanya mtu akizirai, kwa Kiswahili, tukalifanya kuwa zoezi la kusikiliza na kuandika. Mlaze chini, mjamzito umlaze ubavu wa kushoto. Legeza nguo shingoni na kiunoni. Tawanyeni umati, apate hewa. Usimmwagie maji usoni, wala usimnyweshe chochote mpaka azinduke kabisa na aweze kumeza mwenyewe. Akizinduka asisimamishwe haraka. Asipozinduka baada ya dakika moja hivi, hiyo ni safari ya hospitali.

Na kuna kizunguzungu kisichongoja tarehe ya kliniki. Mimba ikiwa changa, kizunguzungu pamoja na maumivu makali ya tumbo la chini au ya bega, hata kama hujaona damu, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi imepasuka. Unavuja damu ndani. Ukitokwa na damu ukeni mimba ikiwa na umri wowote, nenda. Moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, homa, kuzirai mara kwa mara: nenda. Na sisi tuliofika miezi ya mwisho, kichwa kinachouma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu za kulia, hapo presha huenda imepanda badala ya kushuka, na kifafa cha mimba kinaweza kufuata. Mtoto akipunguza kucheza, nenda pia. Usiku au mchana.

Sisi tumeshajipanga. Mume wangu ana namba za boda wawili na ya jirani mwenye gari, zimeandikwa pia kwenye jalada la kitabu changu cha kliniki, na pesa ya nauli tumeitenga na hatuigusi kwa jambo lingine.